Pumzi ya Uji

Binti yangu Candiru alinilipia tiketi:
siku mbili ziwani, Port Bell hadi Ssese na kurudi,
chakula ndani, na somo moja la mikono.
Kulikuwa na kusuka vikapu, kulikuwa na kupamba keki.
Nilichagua kioo kwa sababu ya neno kupuliza.

Miaka ishirini na sita nilipuliza tarumbeta
katika bendi ya polisi, kambi ya Nsambya.
Niliwapulizia mawaziri wakishuka kwenye ndege,
niliwapulizia makamanda wakishushwa kaburini,
pumzi ileile, mdomo uleule, posho tofauti.
Nikajiambia: hapa, mzee, umefika kwenu.

Sitaha ya nyuma. Tanuri la umeme linanguruma
kama jenereta iliyomeza jua.
Mwalimu ni kijana, Nakimbugwe, glavu yake moja imetoboka.
Kioo chake ni chupa za bia za Luzira:
zimeoshwa, zimepondwa, zimesamehewa.
Anachovya bomba la chuma, analizungusha, analitoa.
Nchani limening'inia donge la rangi ya chungwa,
si jiwe, si maji,
zito kama asali iliyokasirika.

"Zungusha," anasema. "Ukiacha tu, linadondoka."
Nikazungusha. Meli ikayumba, nikayumba nayo, nikazungusha.
"Sasa puliza."

Nikavuta pumzi kutoka chini ya mkanda
kama alivyotufundisha sajenti Obwoya,
mashavu yakawa magumu,
nikaitoa yote, ile ya wimbo wa taifa.

Donge likafura. Likawa chungu, likawa kichwa,
likawa jembamba kama ganda la kitunguu,
pa!
Vipande vikaelea hewani, vyepesi,
mabawa ya kumbikumbi baada ya mvua.
Mama mmoja wa Mbarara, mwenye kofia ya harusi, akapiga makofi.
Mwalimu hakucheka.
"Afande," akasema (nani alimwambia?),
"hii si paredi. Puliza kama unapoza uji wa mtoto."

Hapo nikakwama.
Uji wa Candiru aliupoza mama yake.
Mimi nilikuwa Lira, nilikuwa Kabale, nilikuwa Moroto kwa ufunguzi wa kisima,
nikiipa ile shaba kila kilichokuwamo kifuani.
Nikirudi nyumbani naomba kimya tu, midomo imevimba.
Kijiko kimoja, hata kimoja, sikuwahi kukipoza.

Nakimbugwe akachovya tena. Hakuniharakisha.
Nikaweka midomo kwenye chuma
nikaiacha itoke kidogo,
kidogo ambacho mshumaa usingekisikia.
Ndani ya moto kikafumbuka kijicho,
kikatazama huku na huku, kikaanza kukua.

Kisha gazeti lililoloweshwa, mkononi mwangu, nikikizungushia humo:
herufi za Kiganda zikaungua kiganjani,
matokeo ya mpira, kiwanja kinachouzwa Mukono, moshi.
Akagusa shingo kwa kisu chenye maji. Tik.
"Kilale kwenye joto usiku kucha," akasema.
"Kikipoa haraka kitapasuka, hata bila kuguswa."
Nami nikalala Kalangala, sikulala.

Ni kikombe cha kijani. Kimeegemea kushoto.
Takoni kina kiputo, mtama mmoja wa hewa,
pumzi yangu iliyokosa mlango.
Ayikoru alikiweka mezani, akakitazama kikitikisika.
"Hakisimami sawa."
"Ndiyo."
"Kama wewe siku za mshahara."

Sasa kinakaa dirisha la jikoni, kimebeba vijiko.
Candiru analeta mtoto Jumamosi.
Nimeuliza, kama vile nauliza jambo la kawaida,
uji wake huwa unaiva saa ngapi.